Dada wa Chake, vifaa vyako vizuri ila havijuani

Waalaikumu salaam dada yangu, na samahani jibu limechelewa, wiki hii karakana imejaa laptopu za wanafunzi mpaka chini ya meza. Nianze kwa kuliweka swali lako kwa ufupi ili na wengine wafaidike. Uko Chake Chake, unaediti video za harusi na unatengeneza kadi za mialiko, laptopu yako inaganda kila ukifika kwenye kuekspoti (kuitoa video iliyokamilika), umejibana mpaka umepata milioni moja na laki mbili, na binamu yako alieko Dar kakutumia listi ya vifaa ujenge kompyuta mwenyewe, mara yako ya kwanza. Listi inasema prosesa (ubongo wa kompyuta) Ryzen 5 5600 ya AMD, madhabodi (ubao mkuu unaoshika vifaa vyote) ya B650 ile saizi kubwa ya ATX, ramu (kumbukumbu ya kufanyia kazi) DDR4 ya GB 16 kijiti kimoja, SSD (disiki ya kuhifadhia) ya M.2, ile bapa inayolala juu ya madhabodi, ya SATA GB 500, kasha dogo lenye pawasaplai yake (kifaa cha kugawa umeme) ndani ilioandikwa wati 700, na skrini unayo ya zamani yenye tundu la VGA tu, lile la waya wa skrini wa kizamani. Muuzaji kakwambia "vyote vinaingiliana hivyo, usiwe na wasiwasi", na unauliza kama kweli.

Si kweli. Usipande boti bado.

Nakwambia hivyo kwasababu mtu wa mjini akikosea kifaa anarudi dukani kwa daladala, wewe ukikosea ni safari ya Mkoani, boti, Malindi, ulale kwa shangazi, urudi, na hapo bado hujajua kama muuzaji atakubali kukirudisha. Kwahiyo kwako wewe kuulizia kabla ni sehemu ya bajeti.

Twende kwenye listi. Kwetu mtu akija kuposa huulizwa kwanza katoka mlango gani, na prosesa ni hivyohivyo, kila moja ina mlango wake yani soketi, na madhabodi inaitikia mlango mmoja tu. Ryzen 5 5600 ni ya mlango wa AM4, huo umeanza zamani, Ryzen za mwanzo kabisa za 2017 zilikua humo. B650 ni AM5, mlango mpya uliokuja mwishoni mwa 2022 na Ryzen 7000. Na hapa si suala la kufanya kazi polepole au kwa shida, haviingii kabisa. Ukiigeuza 5600 utaona pini zimesimama chini yake, 1331, kama brashi. Kwenye AM5 mambo yamegeuzwa, pini ziko kwenye madhabodi, 1718, na prosesa chini yake ni bapa. Sasa mtu mgeni akilazimisha pini juu ya pini, bas, siku moja umeua vitu viwili. Nshaletewa kazi ya namna hiyo, kijana alikua na nguvu mashaallah, na nilikaa na sindano na miwani nikinyoosha pini moja moja mpaka Isha na haikuwaka.

Halafu ramu. B650 inakula DDR5 tu, na listi yako ina DDR4. Hizi mbili ukizitazama utasema ni pacha, urefu mmoja na pini 288 zote mbili, lakini ule mkato wa katikati umekaa sehemu tofauti makusudi ili usiweze kuzichanganya. Ikikataa kuingia usisukume, imekataa kwa kheri yako. Na ulivyouliza mwishoni kama utaweza kuchukua ramu ya laptopu ukaongezee, hapana, ile ni fupi, aina nyengine ya kijiti kabisa. Lakini disiki ya laptopu ichukue, ile ya inchi 2.5, plagi yake ya SATA ni ileile, ichomeke iwe ghala la kazi za zamani.

La tatu ndo linalowaliza wengi. Tuseme binamu yako anarekebisha, anakutafutia madhabodi ya AM4 na ramu inakubali, unafunga kila kitu, unawasha, feni zinazunguka, taa zinawaka, skrini nyeusi. Utasema nimeunguza. Hujaunguza kitu, Ryzen 5 5600 haina picha ndani yake, yani sehemu ya kupeleka picha kwenye skrini, inataka kadi ya picha pembeni na kwenye listi haimo. Ile yenye picha ni 5600G, herufi moja tu hiyo. Na kwa Intel, wapinzani wa AMD, herufi ya kuiogopa ni F: i5-12400 ina picha, i5-12400F haina, na F bei yake ni rahisi kidogo ndo maana muuzaji atakusukumia hiyo. Kwa mtu asie na pesa ya kadi, F ni mtego, ukipewa kwa bei nzuri sana angalia mwisho wa jina.

Mengine kwa haraka. Kasha dogo aliloliandika ni la madhabodi ya mikro ATX, milimita 244 kwa 244, na ATX kamili ni 305 kwa 244, kwahiyo inabaki nje kama mguu kwenye kiatu cha mtoto. Na SSD ya M.2 ya SATA, madhabodi nyingi mpya tundu lake la M.2 linataka NVMe, aina ya SSD yenye kasi zaidi, ukichomeka ya SATA inakaa vizuri kabisa na skrubu unafunga na kompyuta haiioni. Nunua NVMe tu, hata ile ya kizazi cha 3 ambayo skuhizi watu wanaidharau inasoma mpaka MB 3500 kwa sekunde wakati SATA inaishia kwenye 550 hivi. Ukiitazama kwa macho, NVMe mara nyingi ina mkato mmoja kwenye meno na ya SATA ina miwili, lakini usitegemee macho peke yake, soma stika.

Sasa mie ningekununulia nini. Hapa ndo watu wa kompyuta tunapogombana, kila mtu na timu yake kama Simba na Yanga, lakini swali la mwanzo si AMD au Intel, swali ni unafanya kazi gani, na wewe umeshasema, video za harusi. Video inayotoka kwenye simu au kamera imebanwa, kwa mtindo wa H.264 au H.265, na kompyuta kila ukiivuta ile mistari kwenye taimlaini inabidi ifungue, na ukiekspoti inabidi ibane tena, hicho ndo kinachoiua laptopu yako. Prosesa za Intel zenye picha ndani zina sehemu maalumu ya kazi hiyo tu, inaitwa Quick Sync, na Premiere, programu ya kuediti video, inaijua na kuitumia. Tena tangu kizazi cha 11 na kuendelea inafungua hata ile H.265 ya 10-biti 4:2:2, yenye rangi nyingi zaidi, inayotoka kwenye kamera mpya, ambayo kadi nyingi za picha za bei kubwa zilikua haziifungui. Kwahiyo kwa kazi yako mie nachagua i5-12400, bila F. Kori 6 (kama mafundi sita ndani yake), nyuzi 12 (kazi inazoshika kwa wakati mmoja), mlango wake LGA1700. Pesa ikibana sana teremka i3-12100, nayo bila F, kori 4, ina picha ileile ya UHD 730, itaekspoti taratibu zaidi lakini haitokuaibisha.

Angekua mtu wa magemu ndo kauliza, ningemwambia 5600G na madhabodi ya B550 au A520 halafu akusanye pesa ya kadi. Hilo nalo lina tahadhari yake, mtu asije akauziwa B450 iliokaa dukani miaka bila kuapdetiwa bayosi (programu ya ndani ya madhabodi inayoiwasha kompyuta), Ryzen 5000 haziwaki humo mpaka bayosi iwe mpya, na ili uiapdeti mara nyingi unahitaji prosesa ya zamani iwake kwanza, utakwenda kuazima kwa nani Pemba?

Turudi kwako. Mlango wa LGA1700 una mtihani wake mmoja, madhabodi zake ziko za DDR4 na ziko za DDR5, chipseti (chipu kuu ya madhabodi, kama H610 au B660) ileile, picha ya boksi inakaribia kufanana, mara nyingi tofauti ni D4 tu mwisho wa jina. Nunua ya DDR4 kwa bajeti hii. Kama ni H610 itakua ya bei nafuu lakini matundu ya ramu mawili tu na mara nyingi tundu moja la M.2, kama ni B660 zipo za matundu manne. Na hapa ndo pana jambo la kulifikiri. Picha ya ndani ya prosesa haina kumbukumbu yake, inaazima ramu ya kompyuta, na vijiti viwili vinafanya kazi kwa pamoja kama watu wawili kwenye kisima, kijiti kimoja ni ndoo moja. Kwahiyo GB 16 yako iwe 8 na 8 badala ya kijiti kimoja cha 16. Lakini video itakuja kutaka GB 32, hilo halina shaka, na ukiwa na H610 ulioijaza 8 na 8 siku hiyo itabidi uvitoe vyote viwili. Kama pesa inafika, B660 ya matundu manne, 8 na 8 leo, 8 na 8 nyengine baada ya msimu wa harusi. Kama haifiki, H610 na 8 mbili, na ukija kuongeza uza zile za zamani, ramu DDR4 haikosi mnunuzi. Kwenye madhabodi ya matundu manne viweke tundu la pili na la nne kuhesabu kutoka kwenye prosesa, si la kwanza na la pili, kosa hilo kila mtu kalifanya na mie nimo.

Feni ya prosesa: i5-12400 ya kwenye boksi inakuja na feni yake na dawa ya kupitisha joto ishapakwa chini. Kuna zinazouzwa bila boksi, za trei, bei nafuu, hazina feni, na unaweza kuambiwa chukua hii feni ya mtumba ilitoka kwenye Intel vilevile. Vilevile kweli lakini matundu ya skrubu ya zile za zamani yana nafasi ya milimita 75 na LGA1700 ni 78. Milimita tatu hizo zitakukosesha usingizi. Chukua ya boksi.

Skrini yako ya VGA usiitupe. Madhabodi nyingi za H610 bado zina tundu la VGA nyuma, pamoja na HDMI, kwahiyo uliza hilo kabla ya kununua na umeokoa pesa ya skrini nzima. Ukikosa, basi adapta ya kutoka HDMI kwenda VGA, ile yenye kichwa kinene ambacho ndani kina chipu, ule waya mtupu wa bei poa haugeuzi kitu. Kwa rangi za picha za maharusi hiyo skrini itakuchosha, lakini hilo la mwakani.

Nimeiacha pawasaplai makusudi maana ndo nnapotaka ukae kidogo. Ile ya bure ndani ya kasha, iliondikwa 700, usiitie kwenye umeme na kazi zako. Wati za kwenye stika ya mbele ni maneno, geuza usome jedwali dogo pembeni, tafuta laini ya volti 12, zidisha kwa ampea zake. Nshaona iliondikwa 700 na laini ya 12 ina ampea 18, 12 mara 18 ni 216. Wati 216! Hizo nyengine zimekwenda wapi? Na ibebe mkononi, ikiwa nyepesi kama andazi ndani hamna kitu. Kompyuta yako wala haitaki nyingi, i5-12400 yenyewe ikikimbia sana kiwango chake ni wati 117, na mashine nzima bila kadi huwezi kufika 200. Pawasaplai ya wati 450 ya kampuni inayojulikana, yenye alama ya 80 Plus (ya kutopoteza umeme mwingi), laini ya 12 iwe na ampea 35 hivi, inakutosha na siku ukitia kadi ndogo inakutosha pia. Wati 450 za kweli ni bora mara mia kuliko 700 za stika.

Na angalia nyuma yake kama ina kiswichi chekundu cha 115 na 230. Umeme wetu ni 230. Baadhi ya mizigo inakuja kiswichi kiko 115 na mtu anachomeka bila kutazama, utasikia mlio kama fataki ya sikukuu na moshi, na mara nyengine pawasaplai haifi peke yake.

Watu wa bara wakisoma haya wataona nazidisha. Lakini mie nilikua mjini Unguja ile kebo ya chini ya bahari ilipokufa, Disemba 2009 mpaka Machi 2010, miezi mitatu kisiwa hakina umeme, kila duka na jenereta lake mlangoni, makelele hulali. Umeme wa majenereta yale ulikua unapanda na kushuka kama mawimbi ya kusi, na meza yangu ilijaa pawasaplai zilizokufa. Zile nzito zilirudi kuwaka na fyuzi tu au hazikuja kabisa, zile nyepesi zilikuja zimeondoka na madhabodi zake. Nyinyi Pemba mkapata kebo yenu kutoka Tanga mwaka huohuo 2010 na mambo yamekua mengine, lakini kukatika na kurudi kwa kishindo bado kupo, na kunakorudi ndo kunakoua, si kunakokatika. Kwahiyo weka pesa ya UPS, betri ya akiba umeme ukikatika, humohumo kwenye milioni na laki mbili, usiseme nitanunua baadae. Ndogo ya VA 650 inakupa dakika kadhaa za kuseivu na kuzima, hiyo ndo kazi yake, si ya kumalizia ekspoti. VA si wati, ya 650 mara nyingi ni wati 360 au chini yake. Printa usiichomeke humo.

Kuhusu joto na chumvi. Kasha la kioo mbele na mataa ya rangi ni zuri kwa picha ila halipumui, na Chake kwenye kaskazi chumba kisicho na kiyoyozi unakijua mwenyewe. Tafuta kasha lenye wavu mbele, feni mbili, mbele inavuta nyuma inatoa. Weka juu ya meza, sio sakafuni, vumbi na sisimizi na mijusi wanapenda pahala penye joto. Nyumba iliyo karibu na pwani utaona baada ya mwaka skrubu za nyuma zimeanza kutu, ile ni hewa ya bahari, izime ifunike na kitambaa cha pamba usiku, lakini sio ikiwa inawaka, nshaona kanga nzuri imekaa juu ya matundu ya kutolea joto na mwenyewe analalamika kompyuta inajizima.

Bei sitaziandika, nikiandika leo wiki ijayo zishakua uongo. Ila mgao wangu kwa pesa yako ni huu, prosesa na madhabodi visizidi nusu, ramu na SSD kama robo, na robo inayobaki pawasaplai, kasha na UPS. Ukiona UPS imekosa nafasi, teremsha i5 iwe i3, usiteremshe pawasaplai.

Kuna mtu atakwambia achana na yote haya nunua mtumba, zile Dell OptiPlex na HP EliteDesk za maofisini, na mie siwezi kusema ni ushauri mbaya, nyingi ni imara. Lakini jua unachonunua. Madhabodi zao na pawasaplai ni za kwao peke yao, nyingi badala ya plagi kubwa ya pini 24 zina ya pini 8 au 6, kwahiyo pawasaplai ikifa huwezi kutia ya kawaida bila adapta, na zile nyembamba kadi ya picha ya kawaida haiingii kwa urefu wake. Na usichukue chini ya Intel kizazi cha 8, maana Windows 11 haizikubali rasmi na Windows 10 Microsoft wameacha kuihudumia tangu Oktoba 2025. Kama pesa ingekua laki tano ningekwambia nenda mtumba bila kufikiri. Kwa milioni na laki mbili, jenga.

Kabla ya kuvuka, kwa kila kifaa mwambie muuzaji akupigie picha ya stika, sio ya boksi, stika, na jina kamili la madhabodi ulitafute kwenye tovuti ya kampuni yake, kuna ukurasa wa prosesa zinazokubalika na bayosi gani. Dakika kumi. Kisha mpelekee na binamu yako, usimlaumu sana, vifaa alivyochagua kila kimoja peke yake ni kizuri.

Na siku ya kufunga usikimbilie kuvitia kwenye kasha. Tandika boksi la madhabodi mezani, weka madhabodi juu yake, tia prosesa, feni, kijiti kimoja cha ramu, plagi ya pini 24 na ile ya pini 8 ya juu karibu na prosesa, hiyo ya pili wageni wote wanaisahau, unganisha skrini, halafu kwa ncha ya bisibisi gusanisha zile pini mbili za kuwashia kwa sekunde moja. Ukiona maandishi ya bayosi kwenye skrini, zima, kunywa chai, ndo uanze kufunga skrubu. Usipoona, nitumie picha ya hapo mezani kabla hujagusa kitu chengine.